Moshi unarudi jikoni kusi ikivuma: bomba liishie wapi?

BARUA

Shikamoo Babu Fundi,

Nakuandikia kutoka Chumbageni, Tanga mjini, na macho yenyewe mekundu. Desemba iliyopita mume wangu alituchongeshea jiko la chuma la kuni kwa mafundi wa kuchomelea kule Ngamiani. Lina matundu mawili ya sufuria, oveni ndogo pembeni, na nyuma lina tundu la moshi la inchi 6. Gesi tunayo, lakini nyumbani tuko wengi, na kuchemsha maharage na makande kwa gesi ni kumaliza mtungi kabla mwezi haujafika nusu. Nikafurahi, nikasema sasa naagana na mafiga.

Miezi ya kaskazi sikuwa na neno. Nikiwasha, moshi unapanda zake, nikaoka mpaka mikate ya kuwauzia majirani. Kusi ilipoingia ndipo balaa lilipoanza. Asubuhi mapema jiko linavuta vizuri tu. Ikifika saa tano, upepo ukishapanda, moshi wote unarudi ndani. Unatokea mlangoni mwa jiko, unatokea pembeni mwa sufuria, hata kwenye maungio ya bomba unapenya. Jioni upepo ukitulia, jiko linarudiwa na adabu yake. Mama mkwe anasema tumetupiwa jicho.

Nyumba yetu inatazama kusini-mashariki. Jiko liko uani, kwenye banda lililoegemezwa ukuta wa nyuma, paa lake bati. Bomba linatoka nyuma ya jiko, linapiga kona, linatoboa ukuta wa ubavuni, linapiga kona nyingine nje, kisha linapanda. Fundi aliyeliweka alipofika nje alikosa bomba la inchi 6, akaunga la inchi 4. Mume wangu kapanda juu na futi kamba kapima. Kutoka sakafuni hadi juu ya jiko ni sentimita 80. Bati la banda pale bomba lilipo liko mita 2.6, na mdomo wa bomba uko mita 2.9. Ukuta wa nyumba kubwa ni mita 3, mgongo wa paa lake mita 4.5. Kutoka ukuta wa nyuma hadi chini ya mgongo ni mita 3, na bomba liko mita 1.2 kutoka ukuta huo.

Tumeita mafundi wawili. Wa kwanza kasema tuongeze futi nne, litapona. Wa pili kasema tupunguze, kwa kuwa bomba refu linapoza moshi, halafu tuweke kofia ya kuzunguka. Shemeji yangu wa Lushoto anatucheka, anasema kwao dohani hazirudishi moshi kwa sababu kuna baridi, na kwamba Tanga hapafai jiko la bomba. Jirani yetu wa ghorofani naye analalamika masizi yanachafua kanga alizoanika barazani kwake, juu.

Babu, tuongeze au tupunguze? Na kama ni kuongeza, kiasi gani? Halafu mama yangu yuko Pangani, jiko lake la uani limeezekwa makuti, naye ameliona hili letu anataka kama hili. Nimwambieje?

Mpishi wa Uani, Chumbageni

JIBU

Marahaba mwanangu. Kwanza mpe mumeo pongezi. Barua nyingi zinazonifikia huuliza bomba liwe refu kiasi gani bila kutaja kipimo hata kimoja cha paa, na hapo sina la kumjibu mtu. Yeye kapanda juu na futi kamba, kwa hiyo naweza kukujibu kwa namba.

Ongezeni mita 2.4, ambazo ni futi 8. Mdomo wa bomba ufike mita 5.3 kutoka sakafuni. Lakini msiongeze kitu juu ya hilo lililopo. Lifumueni lote, bomba lipande wima kutoka kwenye jiko, lipenye bati la banda, na liwe inchi 6 toka mwanzo hadi mwisho. Fundi wa kwanza kakisia dawa bila kupima. Wa pili kakosea ugonjwa wenyewe. Shemeji nitamfikia.

Ugonjwa umeueleza wewe mwenyewe kwenye barua, pale uliposema kaskazi hapakuwa na tatizo na asubuhi jiko linavuta. Jiko linalorudisha moshi kila saa, upepo uwepo usiwepo, lina bomba fupi, bomba jembamba, masizi yameziba au kuni ni mbichi. Jiko linalorudisha moshi linapowashwa tu kisha likatulia, bomba lake ni baridi. La kwako linagoma saa za upepo na kwa upepo wa upande mmoja. Maana yake mdomo wa bomba umekaa mahali pabaya.

Sasa angalia nyumba yako ilivyokaa. Inatazama kusini-mashariki, kwa hiyo mgongo wa paa unalala kutoka kaskazini-mashariki kwenda kusini-magharibi. Kaskazi inavuma sambamba na mgongo huo, inapita ubavuni mwa paa bila kugongana na kitu. Kusi inakuja usoni pa nyumba, inagonga ukuta wa mbele, inapanda kipaa, inaruka mgongo, na ikishavuka inajipinda na kushuka uani. Huko uani, mita 1.6 chini ya mgongo, ndiko bomba lako lilikoachama. Upepo unaolishukia bomba ni ule uliokwisha kuvurugwa na paa. Hakuna jicho hapo, mwambie mama mkwe kwa heshima zote.

Watu hudhani moshi una nguvu kubwa, kwa vile wanaona unavyopanda. Nguvu yake ni ndogo ajabu. Hewa ya ndani ya bomba ni ya moto, kwa hiyo ni nyepesi kuliko ya nje, na tofauti hiyo ya uzito ndiyo inayovuta. Kwa joto letu la Tanga la nyuzi 30, na moshi wenye wastani wa nyuzi 150 ndani ya bomba, kila mita moja ya kupanda inatoa mvuto wa paskali 3 na kidogo; paskali ni kipimo cha msukumo wa hewa. Huko Ulaya majiko ya kuni hupimwa kiwandani kwa mvuto wa paskali 12 hivi, na nguvu hiyo inatosha kunyanyua maji ndani ya mrija kwa milimita moja na ushei tu. Bomba lako la sasa, kutoka juu ya jiko hadi mdomoni, linapanda mita 2.1. Hesabu yake haifiki paskali 7, na hapo sijatoa zinazoliwa na kona mbili, wala zinazoliwa na ule wembamba, wala za bomba la bati kupigwa na upepo nje na kupoa.

Upande wa pili weka upepo. Upepo wa kilomita 18 kwa saa, ambao mchana wa kusi si ajabu, ukiingia moja kwa moja mdomoni mwa bomba unasukuma kwa karibu paskali 15. Saba hawezi kushindana na kumi na tano. Hata bomba la mita 4 lingeshindwa kama mdomo wake ungebaki kwenye upepo unaoshuka. Ndiyo maana futi nne za fundi wa kwanza zisingekufaa. Zingekupeleka mita 4.1, bado chini ya mgongo, bado kwenye vurugu ileile, na fedha imeondoka.

Kanuni ambayo mafundi wa dohani Marekani hutumia ni nyepesi, na mnaweza kuikagua wenyewe na futi kamba. Mdomo wa bomba uwe juu ya pale linapotokea paani kwa futi 3 au zaidi, ambazo ni sentimita 90. Pia uzidi kwa futi 2, yaani sentimita 60, sehemu yoyote ya jengo iliyo ndani ya futi 10, mita 3 hivi, kutoka kwenye bomba. Mita hizo hupimwa kwa ulalo, kamba ikiwa imenyooka sawa na maji. Hapimi mtu kwa kufuata mteremko wa bati.

Tuliweke paa lako kwenye kanuni hiyo. Bomba liko mita 1.2 kutoka ukutani, basi mita 3 zinaingia ndani ya nyumba kubwa kwa mita 1.8. Paa lako linapanda mita 1.5 katika ulalo wa mita 3, ambayo ni nusu mita kwa kila mita. Kwa hiyo pale mita 3 zinapoishia, paa limefika mita 3.9 kutoka chini. Ongeza sentimita 60, unapata 4.5. Kwa kanuni, mdomo wa bomba ungeweza kuishia sawasawa na mgongo wa nyumba.

Mimi nisingeishia hapo. Kanuni hiyo ni kiwango cha chini kwa nyumba yoyote, haijui kwamba kwako upepo wa miezi mingi unakuja upande mmoja na kuruka mgongo kuelekea kwenye bomba. Halafu kuna kipimo cha pili, cha urefu wa bomba lenyewe kuanzia kwenye jiko. Mwongozo wa ujenzi wa Uingereza unataja mita 4.5 kuwa urefu unaotosha kwa kawaida. Jiko lako lina kimo cha sentimita 80, ongeza 4.5, unapata 5.3. Ukiwa na vipimo viwili, fuata kile kirefu. Kwa urefu huo mvuto wako unafika paskali 14 na nusu hivi moto ukikolea, na mdomo uko sentimita 80 juu ya mgongo, kwenye upepo ulionyooka. Upepo ulionyooka ukipita juu ya mdomo wa bomba hunyonya moshi, kwa hiyo kusi ileile inayokutoa machozi itaanza kukusaidia. Na bahati nzuri, bati bapa huuzwa kwa futi 8. Maungio yatakuwa machache.

Kuhusu fundi wa pili. Kwamba bomba refu linapoza moshi, ni kweli kwa bomba la bati tupu lililosimama nje. Moshi ukipoa unakuwa mzito, mvuto unapungua, na mvuke wake unaganda ukutani kuwa masizi ya kunata yanayoshika moto. Lakini dawa yake ni kulivika bomba, siyo kulikata. Ile sehemu iliyo juu ya bati la banda izungushiwe bomba la pili la inchi 10, na katikati pajazwe kitu kisichopitisha joto wala kuungua. Majivu ya pumba za mpunga yanafaa sana na ni bure kwenye mashine za kukoboa. Yawe makavu, na juu pafunikwe vizuri, kwani yakilowa masika kazi yote imeharibika.

Kofia ya kuzunguka mimi siipendi ufukweni. Kila kinachozunguka hapa hushikwa na kutu ya chumvi, na ikiganda imeelekea upande mbaya inakuwa imeuziba mdomo wa bomba. Weka kofia ya kawaida iliyosimama, iinuliwe inchi 4 au zaidi juu ya mdomo. Wengi huibana inchi mbili wakiogopa mvua, wakajirudishia moshi kwa mikono yao. Wavu wa matundu madogo nao hujaa masizi upesi.

Inchi 4 badala ya 6 ni kosa ambalo linaonekana dogo kwa macho, kwa sababu watu huhesabu upana na kusahau eneo. Duara la inchi 6 lina inchi za mraba 28. La inchi 4 lina 12 na nusu. Zaidi ya nusu ya njia imezibwa, na tundu la jiko bado linaleta moshi wa inchi 6. Bomba likishatoka kwenye jiko lisipunguzwe popote. Kona nazo, kama kuna siku italazimu ukwepe kenchi, piga kona ya nyuzi 45, usipige ya 90, na usilaze bomba. Moshi haupendi kutembea ulalo.

Shemeji wa Lushoto ana nusu ya haki. Baridi ya nje huongeza mvuto, lakini Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya kwetu, jambo ambalo linarudisha nyuma sehemu kubwa ya faida ya baridi. Nimezipiga hesabu, na kwa usiku wa nyuzi 10 huko mlimani tofauti kwa kila mita ya bomba ni ndogo mno. Dohani za zamani za kule zinavuta kwa sababu ni za matofali mazito yanayotunza joto, zinapanda wima, na zimezidi mgongo wa paa. Tanga panafaa kabisa. Mwambie aje kunywa chai Agosti, saa sita mchana.

Kabla hamjatoboa bati wala kununua vya kudumu, jaribuni. Fundi aunge kipande cha bomba cha kuazima juu ya hilo lililopo mpaka lipite mgongo, akifunge kwa waya, mpike siku mbili tatu za upepo. Kwa kona zile na wembamba ule halitavuta sana, lakini moshi wa saa tano ukipungua mmejua mko njia sahihi. Kipimo chenyewe ni udi. Washa kijiti cha udi, kisogeze mlangoni mwa jiko lenye moto. Moshi wake uingie ndani. Ukirudi usoni kwako, bado.

Sasa ufundi, na hapa nitasema kwa kirefu, maana moto wa nyumba huanzia kwenye haya. Bomba tupu likae sentimita 45 mbali na mbao zote: kenchi, papi, ubao wa pembeni mwa paa, kabati la vyombo. Mkichagua pa kutoboa bati, angalieni kwanza kenchi zilipo. Pasipowezekana kupata nafasi hiyo, lile bomba la pili la kuvika lianzie chini ya bati, na bado pabaki uwazi kati yake na mbao. Kipande cha kwanza kutoka kwenye jiko kiwe cha chuma cheusi cha milimita 2, kisiwe cha bati lenye zinki. Moto ukikolea, zinki inaharibika na kutoa mvuke usiofaa kuvutwa. Juu zaidi, ambako moshi umeshapungua joto, bati linavumilika, ingawa kwa hewa yetu ya chumvi mtalibadilisha mapema. Mwenye uwezo anunue chuma kisichoshika kutu.

Vipande vya bomba viungwe cha juu kikiingia ndani ya cha chini, ili maji na masizi ya kunata yateremke ndani bila kuvujia nje. Kila kiungo kipigwe skrubu tatu. Pale kwenye bati, kipande cha kuzuia maji kiingizwe chini ya bati la juu na kupita juu ya bati la chini, kisha silikoni ya kustahimili joto. Ile ya madirishani haitavumilia joto hilo. Na kwa kuwa bomba litasimama karibu mita 2.7 juu ya banda, lifungwe kwa waya tatu za kuvuta, mojawapo ikishikwa kwenye paa la nyumba kubwa. Bomba linalozidi mita moja na nusu juu ya paa bila kushikiliwa halingojei upepo mara mbili.

Chini, nyuma ya jiko, fundi aweke kifuniko cha kufungua ili msafishe masizi. Masizi yakifika unene wa milimita 3, safisheni. Kwa wanaopika kila siku mimi husema wachungulie kila mwezi kwanza, mpaka walijue bomba lao. Kifuniko hicho hicho kitakusaidia siku bomba likiwa baridi: choma karatasi au kipande cha kuti kikavu pale kwa dakika moja, bomba lipate joto, ndipo uwashe jiko.

Kuni hukutaja, na jirani wa ghorofani ndiye aliyenifanya nizikumbuke. Masizi kwenye kanga zake ni ya moto unaofukuta. Bomba likipanda litampunguzia, kwani moshi utatoka juu zaidi na upepo utautawanya, lakini ghorofa lake hamtalizidi kimo na wala msijaribu. Kuni kavu ndizo zitakazowapatanisha. Mvinje, mwarobaini, mwembe, chochote kilichopasuliwa na kukaa chini ya bati miezi sita au zaidi. Vifuu vinawaka kwa joto kali na moshi kidogo. Makumbi mabichi yanafuka tu, yaacheni yakauke. Usichome mbao zilizookotwa ufukweni wala za jahazi chakavu lililolowa chumvi na sifa, yale mafuta ya papa, ingawa zinapatikana bure na watoto watazileta. Chumvi ile ndani ya moto hutoa gesi inayotafuna chuma, na moshi wake ni sumu. Maganda ya korosho nayo usiyatie. Mafuta yake yanawasha ngozi na moshi wake unachoma macho na kifua. Mikoko ni ya hifadhi, haikatwi bila kibali.

Na usimruhusu fundi akutengenezee jiko kwa ndani na mawe ya matumbawe. Wazee wetu walipata chokaa kwa kuyachoma matumbawe hayo hayo, na moto wa jiko nao utayageuza chokaa. Tumia tofali la kuchoma.

Wakati mnangoja fundi, msipike mmefunga banda. Ule moshi una gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu wala rangi, na makaa yaliyobaki usiku huitoa bila moshi kuonekana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani ilihusika na vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Serikali yetu nayo ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania. Siwezi kuwa fundi wa majiko ya kuni nikajifanya sikuusikia. Kwa hiyo gesi yako iendelee na chai, mayai na maziwa ya mtoto, jiko la kuni libaki na sufuria kubwa. Na mchana wa kusi, mpaka bomba lipande, maharage yachemshwe alfajiri.

Mama wa Pangani, hapana, kwa paa lile. Makuti na bomba la kuni havikai pamoja kwa amani. Uingereza bado wapo wanaoishi chini ya nyasi, na mwongozo wao unataka mdomo wa bomba uwe mita 1.8 juu ya nyasi zile, tena kwa nyasi zinazolowa mvua mwaka mzima. Makuti yetu ya kiangazi hayahitaji hata cheche mbili. Kama analitaka sana, aezue makuti ya banda la jiko, aezeke bati, na banda likae mbali na nyumba yenye makuti, upande ambao kusi na kaskazi hazitasukuma cheche kuelekea kwake. Asipotaka kuezua, ajengewe jiko banifu la udongo lisilo na bomba, kwenye uwazi, naye aangalie upepo.

Malipo ya fundi yagawanyeni. Apewe ya vifaa, apewe ya kazi nusu, na iliyobaki aipokee saa saba mchana siku yenye upepo, wewe ukiwa umeshatia kuni, sufuria mbili juu, na kijiti cha udi mkononi.

Babu Fundi